Kabichi Chini ya Sakafu

Mwezi uliopita binti yangu Salma alinijia na habari ya kiwanja. Amekipata Tabata bondeni, kando ya mto, na kama wote wanaopata viwanja bondeni, alitaka kukijaza. Lori linamwaga taka za sokoni, unasawazisha, unaweka kifusi juu, halafu unajenga. Nikamwambia usifanye hivyo. Akanijibu, "Mama, wewe una uchungu wako."

Ninao, sikatai. Lakini aliyeyajua mambo ya taka si mimi. Mimi nimeishia darasa la sita, na mkono wangu umezoea kisu cha kukatia mikungu kuliko kalamu. Aliyeyajua ni Bwana Afya. Ndiye ninayemwandika hapa, kwa sababu nilimpeleka Salma kwake, na kwa sababu mpaka siku ile nilikuwa sijui mtu huyu nimweke wapi, kwa walioniumiza au kwa walionifaa.

Jina lake silitaji. Wengine nitawataja, wamejitakia wenyewe. Yeye pale sokoni Kariakoo, nilikouzia ndizi, miaka yote ile hatukumwita kwa jina. Alikuwa Bwana Afya, yule wa ofisi ya afya anayepita kukagua mitaro, vyoo na mizigo iliyoharibika. Baada yake wamekuja wengine, vijana wenye viatu vinavyong'aa, nao tunawaita kwa majina yao. Cheo kimeganda kwake yeye.

Alitembea na nondo. Si fimbo, nondo kabisa ya chuma, ncha moja ameisaga ikachongoka. Akifika kwenye rundo la taka hamuulizi mtu. Anaichoma mpaka katikati, anasubiri, anaichomoa, anashika ncha kwa vidole. Ikiwa ya moto anasema, "Hili bado linapumua." Ikiwa ya baridi, nyeusi, imebeba ute, anainusa, uso unambadilika. "Hili limekosa hewa. Hili ndilo linalotengeneza gesi." Mara ya kwanza nilidhani anasema habari za uchawi. Nilichukua muda kuelewa kwamba kwake rundo la moto lilikuwa afadhali, na rundo lililotulia, lililolala baridi chini ya mengine, ndilo la kuogopwa.

Salamu yake haikuwa habari za asubuhi. Alikuwa anafika, anagonga nondo sakafuni, anasema, "Mmezika nini leo?" Maana alitujua. Nyanya zilizopasuka tulizisukumia chini ya meza, juu tukatandika gunia, tukakaa juu yake kama hatujui kitu. Jirani yangu wa meza, Mama Nassoro, muuza nyanya, hakuwa na adabu na mtu yeyote. Siku moja akamjibu, "Tumemzika mkeo mdogo, Bwana Afya, njoo ulie."

"Mfukue basi, nimpe talaka yake."

"Talaka ya maiti?"

"Maiti zenu hazitulii. Zinapumua chini kwa chini."

Akapiga nondo chini ya meza ya Mama Nassoro, ukatoka mfuko mzima wa nyanya zilizogeuka uji. Alimwandikia faini, kisha akanunua kwake nyanya za kupikia jioni, akambania bei mpaka wakagombana upya. Ndivyo alivyokuwa. Mkali kwa karatasi, laini kwa mtu. Na ulaini huo ndio uliokuja kutuponza.

Kitu anachokumbukwa nacho zaidi sokoni ni chupa. Alikuja asubuhi moja na chupa ya maji ya lita moja na nusu. Ndani ametia kabichi iliyooza, maganda ya ndizi zangu, na kinyesi cha ng'ombe alichokitoa machinjioni Vingunguti. Mdomoni mwa chupa amevisha mpira wa kiume. Ofisini kwao mipira ile ilikuwa ya bure, maboksi na maboksi, hakuwa na haja ya kutafuta puto. Akaifunga kwa uzi akaitundika kwenye nguzo ya meza yangu, bila kuniuliza.

Mama Nassoro akapiga yowe. "Jamani! Chupa nayo imeanza uhuni!"

"Yenyewe inajikinga," akasema. "Nyinyi ndio hamjikingi."

Baada ya siku chache mpira ukaanza kusimama. Wapagazi wakija na mikokoteni wanapiga saluti. Wateja wangu wa heshima, akina mama wa Upanga, wakawa wananunulia ndizi meza ya pili. Nikamwambia aitoe, ananifukuzia watu. Akasema subiri, hiyo ya mwanzo ni hewa ukaa tu, haiwaki. Akaitoa, akaufunga mpira upya. Wiki zikapita. Ukasimama tena, polepole safari hii. Adhuhuri moja akaja na bomba la peni na kiberiti, akaomba khanga yangu akaitanda kuzuia jua, akabana mpira, akawasha. Ukatoka mwali mdogo wa buluu, kama ukucha. Hauna moshi, hauna harufu.

Mwenye duka la viungo la jirani, mzee wa Kihindu aliyekuwa hatoki nje ila kwa jambo la maana, alitoka. Akatazama mwali ule mpaka ukazimika. "Kwetu bibi yangu alipikia hiyo," akasema. "Kinyesi cha ng'ombe, chai safi kabisa." Bwana Afya alifurahi kama kapewa cheo. Kwa mwezi mzima kila akipita dukani kule anauliza, "Bibi hajambo?" na bibi mwenyewe alishakufa zamani.

Nilimuuliza siku ileile, sasa kama ni gesi ya kupikia, ubaya wake nini? Akavuta kreti akakaa.

"Mama Salma, ndizi unazivumbikaje?"

"Nazifunika majani makavu, juu turubai, nazibana pembeni."

"Moto unawasha?"

"Moto wa nini? Joto linalotoka kwenye ndizi zenyewe, na jua, linakosa pa kutokea. Zinaiva."

"Haya. Jua linatupiga, ardhi inashika joto. Joto lile lilitakiwa lipande lirudi zake juu. Gesi hizi ndizo turubai. Moshi wa magari, wa viwanda, wa mkaa, ile hewa ukaa, ni turubai linalokaa mpaka wajukuu wa wajukuu zako. Hii ya uozo inaitwa methani. Yenyewe haidumu hivyo, miaka kumi na kitu imekwisha. Lakini ikiwa bado iko juu, inabana joto kuliko ile ya moshi mara nyingi sana." Akatutazama mmoja mmoja. "Tumevumbikwa. Tunaiva, mama zangu."

"Tukishaiva anatula nani?" akauliza Mama Nassoro.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Alisema bahari nayo inapata joto, na bahari yenye joto ni kama birika, mvuke unazidi, na mvua ikija haiji kwa vijiko, inakuja kwa ndoo. Hatukumsikiliza sana hapo. Wateja walikuwa wamefika.

Alikuwa na maneno yake. "Kinachonuka sicho kinachoua." Hilo alilisema kila siku, maana sisi tukisikia harufu tunachoma udi, harufu ikiondoka tunajua mambo yamekwisha. Methani haina harufu, alisema, ile mnayoisikia ni ya wenzake walioandamana nayo. Jingine alilisema alipoona mtu anatupa mabaki mtaroni: "Umeitupa wapi? Hakuna nje." Siku hizo niliona ni maneno ya mtu mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi.

Lakini msidhani alikuwa malaika wa mazingira. Kila asubuhi alikunywa supu ya ng'ombe, bakuli kubwa, na limao na pilipili, baada ya kutuhubiria jinsi ng'ombe anavyocheua na kupiga mbweu, na kila mbweu ni methani inakwenda juu. Muuza supu akamchokoza, "Bwana Afya, leo tena unamla mpiga mbweu?"

"Weka," akasema. "Huyu hatapiga tena."

Nyumbani kwake walipikia mkaa. Mkewe, Mungu amrehemu, alinambia alimwomba mtungi wa gesi miaka na miaka. Nilipomkabili alisema, "Mshahara wangu unajua dunia inaungua, ila haujali." Na kule mtaa wa Gerezani aligombana na mafundi wa mafriji mpaka wakamfukuza kwa spana. Fundi akitaka kujaza gesi mpya, ya zamani anaifungulia tu, psiii, inakwenda. Bwana Afya akasimama mbele ya friji la watu kama analinda lango. Akawaambia gesi ile, kilo kwa kilo, inashinda hata methani kwa kubana joto.

"Mzee, hewani kuna nafasi," fundi akamwambia.

"Hakuna. Pamejaa."

Halafu akaenda Feri akanunua samaki wa barafu kwa ajili ya wageni, na barafu ile imetengenezwa na mashine zilezile. Alijua. Alikuwa mtu wa kujua jambo na kuishi kinyume chake, na kulisema bado, kila siku, kwa sauti. Mwanzo nilimwona mnafiki. Siku hizi sijui. Wanafiki niliowaona mimi huwa hawarudii maneno yao mbele ya watu wanaowacheka.

Sasa niseme la Jangwani.

Tulikuwa tumejenga vyumba viwili kule Jangwani bondeni, mimi na mume wangu, Baba Salma, fundi cherehani. Aliyetuuzia ni Shomari, aliyekuwa mjumbe wetu, na alijua mto unapita pale kila masika. Alituonyesha kiwanja mwezi wa kiangazi, ardhi kavu kama kigae. Huyo ni wa kwanza kwa walioniumiza. Mvua ya mwaka wa kwanza maji yalituingia mpaka magotini. Majirani wakatuambia dawa ni kuinua. Wa pili ni mkandarasi wa taka, ambaye jina lake analijua mwenyewe. Malori yake yalitakiwa kwenda dampo, lakini dampo ni mbali na foleni ni ndefu, na bonde liko hapo chini. Wa tatu ni Kidevu, dereva wa lori, ambaye mpaka leo anaendesha, ameshiba. Wa nne ni Chogo, mnunuzi wa jumla wa kabichi, aliyekuwa anaziacha zioze kwa makusudi bei ikishuka, tani kwa tani, kuliko kuwapa watu. Na wa tano ni hao wenye viwanda na magari huko duniani, walioiwasha dunia kabla sisi hatujazaliwa, wakishapata joto lao mvua inatunyeshea sisi. Hao siwajui sura, lakini nawataja.

Na lori haliwezi kumwaga popote pasipo karatasi. Karatasi ile alikuwa anaisaini Bwana Afya.

Alisaini. Malori matatu ya taka za sokoni, kwa kiwanja cha Baba Salma, Jangwani. Chupa yake ilikuwa bado inaning'inia kwenye nguzo yangu. Mwaka uleule. Hilo ndilo lililonikaa kooni kama mwiba wa changu.

Walimwaga kabichi nyingi, maganda, mabua ya migomba, matikiti. Tukaweka kifusi cha kutosha, tukashindilia, tukamwaga sakafu ya zege. Ilikuwa nzuri. Nikiteka maji nasimama juu ya sakafu yangu nawatazama wenye viwanja vya chini. Mwaka wa pili ukaanza ufa kando ya mlango. Ukiinamisha sikio unasikia kama kitu kinachemka mbali. Siku moja nimewasha jiko la mkaa karibu na ufa, mwali ukaruka ukakimbia juu ya sakafu, ukazimika. Nikajua ni shetani. Tukasoma dua, tukafukiza ubani, Baba Salma akaziba ufa kwa saruji. Mtu aliyeonyeshwa mwali wa buluu kwenye chupa kwa macho yake akaenda kununua ubani. Huyo nilikuwa mimi.

Mwaka wa nne ikaja mvua ya asubuhi. Sijaona mvua kama ile, tone moja linajaza kiganja. Kabla ya saa nne mto ulikuwa umeshaingia uani. Tukatoka na Salma nimempakata, tukapanda kwenye tuta la barabara na majirani. Baba Salma akarudi kuinua cherehani aiweke juu ya meza. Mlango ulikuwa wazi, nilimwona. Ameikumbatia. Sakafu ikaingia ndani na yeye. Haikupasuka kwa kelele, ilikaa tu chini, kama mtu anayekaa kitako. Chini yake hapakuwa na kitu. Kabichi zilishaisha zote, zimegeuka maji na hewa, limebaki pango, na mto ulishaingia humo kabla haujaingia mlangoni.

Tulimpata jioni. Sisemi zaidi.

Bwana Afya alikuja matangani siku zote tatu. Alikaa mkekani mwisho kabisa, karibu na viatu vya watu. Hakula. Siku ya tatu alinifuata, nilimgeuzia mgongo, akaondoka.

Tangu hapo nilimtangaza. Sokoni, msibani, harusini, kwenye mkutano wa mtaa walipokuja kutuchorea alama nyekundu za kubomolewa, nilisimama nikasema: aliyetujazia uozo chini ya nyumba ni Bwana Afya, amesaini kwa mkono wake. Watu wakamtazama. Hakuwahi kunijibu. Hakukana, hakujitetea, hata neno. Nilichukulia kuwa ni hatia inayomfunga mdomo.

Alibadilika lakini. Aliacha kusaini taka za bondeni hata moja, mkandarasi akamchongea, akahamishwa kitengo mara mbili. Alipokaribia kustaafu akaanzisha mboji nyuma ya soko. Taka zinapangwa kwa matabaka na majani makavu, zinageuzwa kila wiki ili zipate hewa, kwa sababu zikipata hewa zinakuwa udongo, hazitengenezi methani ile. Alizigeuza mwenyewe kwa reki, shati limemganda mgongoni. Wafanyabiashara wakamtupia humo mifuko ya plastiki, chupa za soda, nepi. Anaokota anaweka pembeni, kesho wanatupa tena. Mama Nassoro akamwambia, "Bwana Afya, acha, utakufa na reki mkononi." Akasema, "Reki si nzito." Alipostaafu palifanywa maegesho ya pikipiki.

Nilikuwa namwona kwa mbali anageuza, na nilikuwa nasema moyoni, geuza, geuza, humrudishi mtu.

Basi Salma alipong'ang'ania lori lake, nikakosa njia. Kwangu mimi alikuwa haamini tena, kila nikisema mto yeye anasikia kilio. Nikameza mate machungu, nikamwambia twende kwa mtu mmoja. Alhamisi baada ya adhuhuri tukaenda Buguruni. Bwana Afya amepanga chumba nyuma ya gereji, milio ya nyundo haikatiki. Tulimkuta kakaa kitandani na fulana. Macho yote mawili yameingia mtoto wa jicho, anaona mwanga na vivuli, basi.

"Shikamoo babu," akasema Salma.

"Marahaba. Nani huyu? Sauti ya Mama Salma, imepunguzwa miaka."

"Ni Salma mwenyewe," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia neno tangu matanga.

Akasogea kitandani tupate pa kukaa. Tulikaa, mimi mwishoni.

"Mama kanileta unitishe," akasema Salma. Ana mdomo, huyu mtoto.

"Sina cha kukutishia, hata macho sina. Kiwanja kiko wapi?"

"Tabata bondeni. Malori mawili tu, babu, na kifusi cha kutosha juu. Majirani wote wamejaza hivyo hivyo na nyumba zimesimama. Nina watoto wawili, nimechoka kuhamishwa na wenye nyumba."

"Zenu pia zilisimama," akasema. "Miaka minne zilisimama." Akanyoosha mikono, kama anapima kitu hewani. "Kabichi ukiizika haiwi udongo, mwanangu. Inagawanyika maji na gesi. Maji yanashuka, gesi inapanda, kinachobaki ni tundu. Unajenga juu ya tundu. Na ile gesi iliyopanda haijakuacha, imekwenda kuongeza joto. Joto linaongeza mvua. Mvua moja huwezi kuishika mkono ukaiambia wewe umetokana na kabichi zangu, hapana, nisikudanganye. Lakini zinakuja nzito kuliko zamani, na zikija zinateremkia bondeni. Zinakukuta juu ya tundu."

"Kama uliyajua hayo," akasema Salma, "mbona uliwasainia wazazi wangu?"

Nyundo za gereji zikawa zinagonga. Nilimtazama Bwana Afya. Nilingoja aseme.

"Ya gesi niliyajua," akasema. "Ya sakafu sikuyajua, nilidhani itashuka kidogo tu. Lakini ya gesi niliyajua, nikasaini. Ni mimi. Usimtafute mwingine."

Angeweza kusema. Miaka yote ile angeweza, na pale mbele ya mtoto angeweza zaidi. Alinipa mgongo wake nijifiche nyuma yake, na mimi miaka yote nilikuwa naupiga mawe.

"Ni mimi niliyemwomba," nikasema.

Salma akageuka.

"Nilikwenda ofisini kwake mara tatu. Mara mbili alikataa, alinifukuza kabisa, akaniuliza chupa ile nimeifumbia macho? Mara ya tatu nilikwenda na wewe mgongoni, una homa, nguo zako zimelowa kwa maji yaliyotuingia. Nilipiga magoti. Akasaini bila kunitazama."

"Na baba?"

Hapo ndipo palikuwa pagumu. "Baba yako hakutaka. Alisema tuhamie Gongo la Mboto, kuna kiwanja cha juu. Mimi nikasema kule ni porini, soko litanipita. Nikasema mwanaume mzima anaogopa maji."

"Mama Salma," akasema Bwana Afya, taratibu, "hayo hakuna aliyekuuliza."

"Najua."

Salma hakulia, na hakunifokea. Nilitamani anifokee. Alikaa anatazama sakafu ya chumba kile, sakafu ya saruji iliyopigwa rangi nyekundu, kama anayetafuta ufa. Kisha akauliza, si mimi, akamuuliza yeye, "Kwa hiyo nikae na watoto wangu wapi, babu?"

"Sijui," akasema. "Wallahi sijui, mwanangu. Ninajua pasipofaa kukaa mtu. Pa kukaa sijawahi kupewa nigawe."

Salma akatoa simu. Spika ya sikioni imeharibika, simu zake zote zinasikika na kila mtu. Ikaita mara moja.

"Sista wa Tabata! Mambo?" Ilikuwa sauti ya Kidevu. Ningeitambua hata kaburini.

"Poa. Kaka Kidevu, lile lori la Jumamosi acha. Sijazi tena."

"Aa, sista. Kabichi nimeshazipanga, zimelainika vizuri, zinashika."

"Nimesema acha."

"Haina noma, usijisikie vibaya. Yupo mama mmoja Kigogo ananipigia tangu juzi, analia kabisa, chumba kinaingiza maji na ana mtoto mchanga. Nampelekea yeye." Akakata.

Sote watatu tulibaki tunaitazama simu, hata yule asiyeona.

"Mpigie tena," akasema Bwana Afya. "Muulize Kigogo sehemu gani."

"Babu, utakwenda vipi na macho hayo?"

Alikuwa ameshainama, anapapasa chini ya kitanda kutafuta viatu. Kimoja alikipata. Cha pili kilikuwa karibu na mguu wangu. Nikakisogeza mpaka kikagusa vidole vyake.